Saa ya Kinshasa Nyumbani Kwetu

Ile saa ndogo ya kijani niko nayo hapa mezani ninapoandika. Mguu wake mmoja ulikatika zamani, nimeuwekea kifuniko cha soda ili isilale ubavu. Ukiisogeza puani bado inanuka mafuta ya kukaangia. Mume wangu anasema ninajidanganya, eti hakuna harufu inayoweza kudumu miaka yote hiyo. Namwambia anyamaze, pua ni yangu. Tena anasema saa yenyewe ni mbovu, iko nyuma kwa saa nzima, na kila mgeni anayeingia anainyoshea mkono airekebishe. Hapo ndipo huwa napiga kelele mpaka watu wanashtuka. Isiguswe! Haijakosea.

Sisi watu wa Likasi kilomita hatuzijui. Ukimuuliza mtu Lubumbashi ni mbali kiasi gani atakujibu masaa mawili, na kama ni dereva mwenye kutia chumvi atakwambia moja na nusu. Kolwezi wanaihesabu kwa masaa, mashambani wanakuhesabu kwa masaa, hata mtu anayekwenda kwa miguu kutafuta kuni anakwambia ni saa moja, bila kusema ni ya miguu mirefu au mifupi. Nilikua na hesabu hiyo kichwani kabla sijajua kuandika jina langu, nikaamini dunia yote inapimwa hivyo. Kwa hiyo mama aliponiambia kwamba Kinshasa ni masaa mawili nilitulia. Na hakunidanganya, jamani. Ni masaa mawili kweli.

Mama alikuwa anakaanga mikate, ile ya mviringo mnayoijua, na kuiuza sokoni Kikula. Ile saa ya kijani ndiyo iliyomwamsha alfajiri akoroge unga. Mlio wake ulikuwa mkali kama wa nyenje, na kaku, yaani bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa analala chumba kimoja na mimi, aliitukana kila siku ya Mungu. Halafu ikaja siku saa inalia na mama haamki. Anakaa kitandani ameshika kifua, anatafuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Midomo yake ikawa na rangi ambayo mpaka leo siipendi hata kwenye kitenge. Madaktari wa Likasi wakamtuma Lubumbashi, wa Lubumbashi wakasema moyo una mlango usiofunga vizuri, aende Kinshasa. Mimi niliwaza mlango wa kweli, wenye bawaba, nikajiuliza kwa nini hawamwiti fundi seremala.

Tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Lubumbashi, maana kwetu msafiri mmoja husindikizwa na ukoo. Tantine Fifi, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa anakwenda naye. Alibeba mkoba wa dawa, na chikwangue za njiani, ile mihogo ya kufungwa kwa majani, kana kwamba Kinshasa hawali. Mama aliniinamia, kitambaa chake cha kichwa kikinuka mafuta na sabuni.

"Usilie, Sifa," akaniambia. "Ni masaa mbili tu. Ni kama vile tulitoka ku nyumba mpaka hapa."

"Utarudia leo?"

"Weye chunga kaku. Minye nakuya."

Jioni ile, tukiwa tumesharudi Likasi, nilipakua bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo kwenye sahani yake, nikaifunika. Papa, yaani baba yangu, akauliza ni ya nani. Nikamwambia ya mama: masaa mawili ya kwenda, masaa mawili ya kurudi, na ya kumwona daktari kati yake, si anafika sasa hivi? Kaku akageuza uso ukutani. Papa hakucheka. Alikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda, na alikuwa na ugonjwa wa kueleza mambo. Hakuweza kumwacha mtu na kosa kichwani, hata mtoto, hata wakati wa kula.

"Masaa mbili ya ndege haiko masaa mbili ya gari," akasema. "Gari inakufikisha Lubumbashi. Ndege, ile ile masaa mbili, inapita kilometa elfu moya mia tano na kitu. Mama yako iko mbali, Sifa. Mbali sana."

Kaku hapo akapata nafasi. Kaka yake, alisema, alikwenda Kinshasa enzi zile kwa treni mpaka Ilebo, kisha meli ya mtoni, na alipofika alikuwa na ndevu ambazo hakutoka nazo hapa. "Na alirudia muzee," akaongeza. Papa akamwomba asimtishe mtoto.

Lakini lililonikaa ni jambo jingine alilolieleza papa usiku huo akila, na ninyi wa rika langu mnalijua, maana sote tulilisikia redioni kabla ya habari: mtangazaji anataja saa mara mbili, Kinshasa saa saba, Lubumbashi saa nane. Nilidhani anasahihisha kosa lake kila siku. Kumbe nchi yetu ni kubwa hata haitoshi kwenye saa moja. Papa akasema ndege ya mama ilipaa saa nne asubuhi, ikakaa hewani masaa mawili, na aliposhuka, saa ya kule ilionyesha saa tano.

"Basi saa ingine imeenda wapi?"

"Amepewa. Ukienda kule, wanakupa saa moya ya bule. Ukirudia, wanakunyanganya."

"Basi ile ndege iko mwizi," kaku akasema, na hilo kwake likaisha.

Papa akainuka, akaenda kuichukua saa ya kijani kando ya kitanda chao. Akairudisha nyuma saa moja mbele ya macho yangu, akaiweka kwenye kabati la vyombo, chini kabisa ya saa kubwa ya ukutani. "Hii sasa ni ya Kinshasa," akaniambia. "Ukitaka kujua mama iko anafanya nini, angalia hii, usiangalie ile ya juu. Jua linatokea kwetu kwanza. Kule linafika nyuma." Alitaka kunituliza, maskini, na akanituliza vibaya mno.

Maana mimi nilielewa hivi. Siku inaanza kwetu. Sisi tunaivaa kwanza, kisha tunawapelekea watu wa Kinshasa waivae, kama magauni yangu yalivyokuwa yanampitia binti wa jirani yakishanibana. Lililotupata sisi linaanza safari ya kwenda kwao, na litawafikia baada ya saa moja. Mama yuko nyuma yetu anakuja. Na kama mimi nimeshaona kilicho mbele, basi nina saa nzima ya kumwonya.

Msinicheke. Nilikuwa na ushahidi. Jumapili moja umeme ulikatika kwetu mchana, kule Koni kwenye mitambo ya umeme kumeharibika kitu, alisema papa, na ilikuwa ni saa ile ile ambayo Tantine Fifi hupiga simu. Nilimnyang'anya papa simu nikamwambia mama atafute mshumaa, umeme unakuja kukatika huko pia. Mama akacheka kwa pumzi zake fupi. Jumapili iliyofuata ndiye aliyeanza: "Sifa! Ulisema kweli. Courant ilienda ile ile siku, hata hatujamaliza kula. Uko profete?" Leo najua kwamba Kinshasa umeme unakatika bila kungoja unabii wa mtu. Lakini siku ile nilitembea sokoni Kikula nimeinua kidevu. Nilikuwa ninamlinda mama yangu.

Kuanzia hapo niliifanya kazi hiyo kwa bidii. Mvua ikinyesha nilikimbilia saa ya kijani nione mama ana muda gani wa kuanua nguo. Nikijikwaa, nilisema kwa sauti, "Mama, angalia jiwe." Kaku alinikuta naongea na kabati, akanipaka maji ya baraka kwenye paji la uso. Papa aliona yote na hakunisahihisha. Hilo lilinishangaza baadaye, mtu yule wa kusahihisha.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka shule. Kaku alikuwa uani anatwanga sombe, papa alikuwa nyumbani amepumzika. Simu ikalia. Papa aliipokea amesimama, hakusema allo, alisikiliza tu, kisha akasema, "Ndiyo, Fifi. Ndiyo." Kinu kikanyamaza huko nje. Kaku akaingia na mchi mkononi, akamtazama, na hakuuliza kimetokea nini. Aliuliza swali ambalo wazee wetu Wakatoliki huuliza, maana huiweka saa hiyo katika sala.

"Alituacha saa ngapi?"

Papa akainua macho kwenye saa kubwa ya ukutani. "Sasa hivi," akasema. "Saa nane."

Mchi ukaanguka. Kaku akaweka mikono kichwani na kutoa ule ukelele, "Mama we! Mama we, mutoto yangu!" na ninyi mnajua kwetu ukelele mmoja unatosha. Kabla sijameza mate mtaa mzima ulikuwa umeshaingia uani. Kwetu nyumba ya kilio inajulikana kwa vitu vilivyotolewa nje: wanawake wakaburuta magodoro, wanaume wakaanza kubeba viti, meza, redio, ili waombolezaji wapate pa kukaa chini. Wawili wakashika kabati la vyombo.

Mimi nilikuwa naitazama saa ya kijani. Ilionyesha saa saba.

Nilipiga kelele kuliko kaku. "Hapana! Saa yake haiyafika! Saa ya mama haiyafika!" Nikajitupa juu ya kabati, wale wanaume wakalishusha. Mwanamke mmoja akanivuta, nikamuuma. Niliona wazi, kama ninavyoiona karatasi hii, kwamba watu hawa wamekosea saa, wanalia kitu ambacho kule hakijatokea bado. Mama yangu wakati huu anapumua. Ana saa nzima. Na badala ya kumwonya wanabeba viti! Nikamshika papa suruali. "Piga simu! Ambia tantine! Papa, ni saa saba kule, papa, piga!"

Papa aliitazama saa ya juu. Akaitazama ya chini. Aliitazama ya chini kwa muda mrefu, na uso wake nitakufa nao. Halafu akachukua simu.

Watu wakaacha viti kumtazama. Alipiga, na ilipopokelewa akasema, kwa ile sauti yake ya kazini, "Fifi, kwako ni saa ngapi?" Akasikiliza. "Basi angalia tena. Rudia kule ndani." Kisha akatoka nje akitafuta mtandao mzuri, akaenda mpaka kwenye bomba la maji, akasimama ametupa mgongo, akaongea. Sikusikia. Nilimwona tu bega linavyotikisika, nikafikiri anafoka, anawaamuru madaktari. Moyo wangu ukatulia. Papa yangu alikuwa anaweza kutengeneza chochote.

Kabati waliliacha ndani, peke yake katika chumba kitupu. Nilikaa mbele yake sakafuni. Nje walilia, waliimba, kaku alimwita mama kwa majina ambayo sijawahi kuyasikia, na mimi niliwahurumia kwa kutokujua. Nilitazama mshale. Mnajua mshale mrefu wa saa hauonekani kutembea ukiutazama? Mimi niliuona unatembea. Papa aliingia akaketi nyuma yangu. Ulipofika juu, saa nane ya Kinshasa, saa ya kijani haikulia, haikufanya lolote. Papa aliweka mkono kichwani mwangu.

"Sasa," akaniambia.

Ndipo nikalia. Nilimlilia mama yangu saa moja nyuma ya watu wote.

Mama alirudi kwa ndege mwisho wa juma. Nilisikia wakubwa wakisema imepaa saa nne ya Kinshasa na kutua saa saba yetu, na nikahesabu kwa vidole pale kwenye lango la mizigo, masaa matatu badala ya mawili, nikaelewa kwamba ile saa aliyopewa wakati wa kwenda amenyang'anywa. Hakufika nayo. Kaku alisema kweli kuhusu ile ndege.

Sasa nisikilizeni. Nilitegemea papa angeizima ile saa baada ya matanga, au angeirudisha kwenye saa yetu ikamwamshe yeye kwenda kazini. Hakufanya hivyo. Betri ikiisha, siku hiyo hiyo inawekwa nyingine, na anaiweka kwa kusikiliza redio, akingoja lile neno "Kinshasa." Kaku alikufa, mimi niliolewa, kiwanda kilipunguza watu na papa akabaki anatengeneza redio za majirani barazani. Saa ya mama iliendelea kuwa nyuma. Mwaka mpya watu wakishangilia na kukumbatiana, yeye alikaa na glasi yake mkononi haijaguswa, akicheka na wageni, akiinywa baadaye wakati kila mtu ameshasahau. Nilimwona mara nyingi anapita karibu na kabati na midomo inacheza. Mimi nilikuwa nimeshakua, najua mambo ya jua na dunia kuzunguka. Na bado nilipoingia katika chumba kile nilihisi kuna mtu anayekuja nyuma yetu, hajafika, na atafika atukute tumeshakwenda. Niliogopa chumba kile, nakiri. Nilipokuja na watoto wangu niliwalaza upande mwingine.

Papa amefariki mwaka huu, asubuhi, kitandani kwake, nyumba ile ile. Hospitali alikuwa ameshaikataa. Nilikuwa nimeshika mkono wake mmoja, na Tantine Fifi, ambaye sasa ni mzee wa magoti mabovu, alikuwa upande wa pili na rozari. Kitanda chake tulikuwa tumekihamishia sebuleni apate hewa, mbele ya kabati. Alivuta pumzi, tukaingoja inayofuata, haikuja. Jirani mmoja aliyekuwa mlangoni akatazama ukutani, akasema, "Saa tatu." Akaweka mikono kichwani, akafungua mdomo.

"Ngoja!" nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Sauti haikuwa yangu ya sasa. "Ngoja kwanza. Saa ya mama haiyafika."

"Sifa, ni nini hii?" jirani akasema. "Muntu amekufa, tusilie? Bantu watasema nini?"

Lakini Tantine Fifi alikuwa ameigeukia ile saa ya kijani. Ilionyesha saa mbili. Rozari ikamponyoka, akaiacha sakafuni, akashika ukingo wa kitanda kama mtu aliyepigwa.

"Mufunge mulango," akamwambia jirani. "Ikala, tutangoja."

Tukakaa watatu. Nje mtu alikuwa anapita na mkokoteni wa makaa, anaita wanunuzi. Mkono wa papa ulikuwa bado una joto. Baada ya muda Tantine akaanza kuongea, bila kunitazama.

"Ile siku baba yako alinipigia mara ya pili. Weye ulikuwa mutoto, hautakumbuka."

"Nakumbuka, Tantine. Alikuambia uangalie tena."

"Eh. Nikaangalia. Nikamuambia, Shemeji, amekufa, hapumui tena. Akaniambia, najua, Fifi. Najua. Lakini kwako ni saa saba, na mutoto huku anasema mama yake iko na saa moya ingine. Basi umupe ile saa. Usiache bantu bamufunike uso mbele ya saa nane. Ikala naye, umuongeleshe." Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Wauguzi waliniona mwenda wazimu. Walikuya na shuka mara mbili, nikawafukuza. Nikaikala pale. Nikamuongelesha."

"Ulimwambia nini?"

"Ya weye. Nilimuambia Sifa anaangalia saa yako. Sifa iko anakulinda, usiogope. Mpaka ilifika."

Nililia hapo, kimya, ndani ya mto wa papa, ili mtaa usisikie kabla ya wakati. Miaka yote hiyo nimeamini kwamba saa ile ilipotea bure, kwamba nilikaa sakafuni nikitazama mshale na mama yangu yuko peke yake kule chini ya shuka. Kumbe hakuwa chini ya shuka, na jina langu lilikuwa chumbani.

Basi nami nikamwongelesha papa. Nilimweleza habari za wajukuu zake, za mvua iliyochelewa, za redio ya jirani aliyoiacha nusu imefunguliwa barazani. Jirani naye, ambaye mwanzoni alikunja uso, akasogeza kiti, akamwambia papa asiwe na wasiwasi, redio ni yake na haina haraka. Saa ya kijani ilikuwa inagonga kwa nguvu kwenye kabati. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu sikuogopa chumba kile.

Tantine Fifi macho yake hayaoni tena mbali. "Sifa," akaniuliza, "kwa mama yako ni saa ngapi?"

"Saa tatu, Tantine."

"Basi mufunike."

Nikavuta shuka juu ya uso wa baba yangu. Tantine akasimama kwa yale magoti yake, jirani akafungua mlango, na ndipo tukalia.